Moshi wa Mama Juu ya Nakilimba

Njinjo,
Wilaya ya Kilwa,
Tanganyika.
17 Oktoba 1954.

Mpendwa dada yangu Moza,

Shikamoo dada. Naomba karatasi hii ikukute umeamka vizuri, wewe na shemeji Likwata na watoto, na kile kikohozi chako cha vumbi la mkonge kiwe kimepungua. Kama bado, chemsha majani ya mpera unywe asubuhi kabla hujasema na mtu. Sisi huku miili yetu mizima, alhamdulillahi. Mke wangu Mwanasha amepona mguu aliojikata na jembe. Mama mzima, ila anakula kidogo. Mimi nami mzima, lakini usingizi umenikimbia, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Najua utanuna kwamba nimekaa miezi saba bila kukuandikia. Nuna tu, ni haki yako. Uvivu wa kalamu ninao tangu chuoni, ulipokuwa ukiniandikia ubao wangu, na mwalimu akigundua, fimbo nakula mimi.

Habari za hapa ni zile zile. Vuli haijaanza, nguruwe wamemaliza mihogo ya bondeni, na mjomba Bakary ameoa tena. Huyu ni wa tatu, na meno ya mjomba ni manne. Tulipomtania alisema nyama ataiacha, mchuzi unamtosha.

Sasa nikueleze kazi yangu. Tangu mwaka jana serikali inachonga barabara kupanda milima ya kwetu, kule ndani ya Shamba la Bibi, hifadhi ya wanyama, ili Bwana Nyama, yule mzungu mkubwa wa hifadhi, aweze kuzunguka na gari lake, na wageni waje kutazama wanyama na milima. Nilianza na lori la kubeba watu wa barabara. Walipoona siangushi gari, wakaniongezea Landrova ya Bwana Nyama mwenyewe. Ungeniona nimevaa kofia ungecheka mpaka ukae chini.

Kutoka hapa Njinjo unakwenda tambarare saa nzima katikati ya vichaka vya mbung'o, madirisha umefunga na jasho linakutiririka. Halafu unaanza kupanda. Unatia gea ya pili, gari linalia, unarudi ya kwanza. Kulia kwako ukuta wa jabali jekundu. Kushoto kwako hakuna kitu, ukichungulia unaona vilele vya miti chini ya gurudumu. Kona ni kumi na tisa, nimezihesabu. Ukifika juu mawingu yako chini yako, na mto Matandu unauona kule mbali, mwembamba kama uzi ulioanguka sakafuni. Miyombo mwezi huu imechipua majani mekundu, mlima mzima mwekundu, na tembo wanapita katikati yake taratibu, hawana haraka na mtu.

Dada, mimi nilizaliwa pale. Niliamia ndege wa mtama pale, nikachapwa pale, na sikujua kwamba ni pazuri. Tulilojua ni kwamba pana mawe, maji yako mbali na nyani hawana haya. Kumbe tulikuwa tukikaa mahali pa kutazamwa. Siku ya kwanza kupaona kutoka kwenye kiti cha dereva nilisimamisha lori nikajifanya naangalia maji ya rejeta.

Hapa ndipo niombe radhi. Barua iliyopita nilikuandikia kwamba mama yuko Miteja kwa jamaa zake. Nilikudanganya. Mama hakuwa Miteja. Mwaka jana baada ya mavuno alifunga mzigo wake, akachukua kuku wawili na mbegu za mtama, akaaga kwamba anakwenda msibani, akapanda kilima cha Nakilimba. Alirudi kwetu, dada, kule kule walikotutoa mwaka wa malale, na kibanda akajenga hatua ishirini kutoka kaburi la baba. Alisema ameota baba analalamika kwamba nyasi zimemfunika na tembo wanampitia juu. Mjomba Bakary alimfuata siku ya nne amrudishe. Akarudi mjomba peke yake, na ndizi alizopewa za njiani.

Kama ni wewe ungefanya nini? Serikali imesema mtu asikae kule, ni pa wanyama na mbung'o. Mama naye amesema mume wake hawezi kumwachia wanyama. Mimi nikanyamaza, nikajiambia Mungu mkubwa, nikaendesha lori langu.

Lakini sikumtupa. Kila nilipopita kona ya kumi na moja, ile iliyo chini ya Nakilimba, nilipiga honi mara tatu, na kwenye ufa wa jabali nikamwachia chumvi na kibiriti. Naye alikuwa akiniachia mbaazi. Watu wa barabara niliokuwa nao ni watu wa kwetu, hawakuuliza. Na mama akawa ananiitikia kama tulivyolelewa.

Hilo wewe huhitaji kufundishwa, ila nalisema kwa sababu ndilo lililotuponza. Sisi watu wa mlimani hatuitani kwa sauti, upepo unaila. Apitaye njia ya bondeni hupuliza pembe, na aliye juu akisikia hutupia majani mabichi motoni. Moshi mweupe ukipanda, maana yake nimekusikia, ni mzima, pita salama. Ukiitwa tena unaongeza majani. Kuitwa ukakaa kimya ni utovu wa adabu, labda uwe umekufa. Unakumbuka ulivyopigwa na bibi siku uliyoona uvivu wa kutoka kukata majani? Basi honi yangu mama aliihesabu ndiyo pembe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, wiki tatu zilizopita. Lori lilikuwa limekatika springi, kwa hiyo sikuwa nimepanda mlimani siku kumi na mbili. Asubuhi naitwa nitoe Landrova, Bwana Nyama ana mgeni. Mgeni ni dada yake wa tumbo moja, amekuja kwa meli kutoka kwao kumtazama ndugu yake. Mwanamke mpole, ana kofia ya majani na kamera shingoni, na kila kitu anamwuliza kaka yake jina lake. Nilikukumbuka sana. Nilijisemea, huyu amevuka bahari kumtazama ndugu yake, na dada yangu yuko Tanga tu.

Bwana Nyama ana amri yake moja: kila kona honi, na honi ya kusikika. Ana haki. Mwezi wa sita lori la kokoto lilikutana na tembo uso kwa uso kwenye kona ya saba, likarudi kinyumenyume nusu maili, na dereva wake mpaka leo hajarudi kazini. Kwa hiyo kuanzia kona ya kwanza nikapiga honi, ya pili nikapiga, nami moyoni nasali kwamba nitakapofika ya kumi na moja atakuwa amesinzia.

Hakusinzia. Nilipofika pale niligusa honi kidogo tu, mara moja, kama mtu anayekohoa. Bwana Nyama akasema, "Fakihi, piga vizuri, unataka kutuua?" Nikapiga vizuri. Nilijidanganya kwamba mama atahesabu, atasikia ni mara moja wala si tatu, atajua si salamu. Lakini masikio ya mama unayajua yalivyo siku hizi, na tena siku kumi na mbili mwanawe hajapita. Hakuhesabu kitu. Kabla sijamaliza kona, moshi ukapanda juu ya miti, mweupe, umenyooka.

Memsabu akauona. Akafurahi, akamgusa kaka yake begani. Bwana Nyama akatazama.

Ile barabara, dada, haiendi moja kwa moja. Inauzunguka mlima, kwa hiyo Nakilimba unaipita kona ya kumi na moja, unakutana nayo tena ya kumi na nne, halafu tena ya kumi na saba. Nilijua hivyo na sikuwa na la kufanya. Kugeuza gari hakuna nafasi. Kusimama, nitasema nini? Kutopiga honi, nimeshakemewa. Kona ya kumi na nne ikafika, nikapiga, na mama kwa adabu yake akaongeza majani. Nilimwona kwa akili yangu anavyokimbia na kile kiuno chake kinachomuuma, anakata matawi, anatupia, anacheka peke yake. Alikuwa na furaha, hilo ndilo linaloniua. Kona ya kumi na saba nilipiga honi na machozi yananilenga, na moshi uliopanda pale ungedhani ni arusi.

Memsabu akaomba tusimame. Akashuka, akapiga picha mara mbili. Mahali fulani kwao sasa kuna picha ya milima mizuri na moshi wa mama yetu katikati, na atawaonyesha jirani zake.

Bwana Nyama alitoa darubini akatazama sana. Akaniuliza kule kuna nani. Nikasema labda ni moto wa porini, bwana. Akasema moto wa porini hautoi moshi mweupe, na hauongezeki kila tukipiga honi. Si mjinga yule, amekaa na sisi miaka minane. Akasema hawa ni majangili wa pembe za tembo, wanapeana habari kwamba gari linakuja. Akatoa karatasi mfukoni na kalamu, akaandika palepale juu ya boneti kwamba askari wa nyama sita watoke kesho alfajiri na bunduki, wakizingire kilima, na atakayekimbia wasimwache.

Dada, mama akiona watu wanatokea porini na bunduki atafanya nini? Atakimbia. Umri wote ule, atakimbia. Alikimbia Wajerumani akiwa mgongoni mwa mama yake, hajui njia nyingine.

Nilisimama pale na ufunguo wa gari mkononi. Nikinyamaza wanampiga risasi. Nikisema wanamtoa. Nilitafuta neno la tatu, sikulipata, na kalamu yake ilikuwa karibu kufika mwisho wa karatasi. Nikasema, "Ni mama yangu."

Aliacha kuandika. Akamwambia dada yake kwa lugha yao, na memsabu akaweka mkono mdomoni. Kisha Bwana Nyama akaichana ile karatasi. Hakunitukana. Alisema kwa upole kabisa kwamba mzee hawezi kukaa peke yake na simba, kwamba amri ni amri, na kwamba watakwenda watu wawili tu bila bunduki wamlete taratibu, nami ningoje na gari chini ya kona ya kumi na moja nimpokee. Angenitukana ningepata la kumjibu.

Alimtuma Klementi, unamkumbuka, yule mtoto wa Wakristo wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akituibia mabungo. Sasa ni askari wa nyama, ana kaptula na mkanda. Alimwamkia mama kwa adabu, akabeba mzigo wake kichwani mbele ya mwenzake bila kuona haya. Lakini kibanda ilibidi akichome, ndiyo amri. Aliniambia mama alimwuliza tu kama moto hautafika kaburini. Klementi akafyeka nyasi kuzunguka kaburi lote kwanza, halafu ndipo akawasha, na mama akakaa akatazama kikiungua. Mungu amlipe.

Mimi nilikuwa chini nangoja tangu asubuhi. Nilipomwona anashuka, kuku mmoja kwapani, nilitamani ardhi inimeze. Na yeye, dada, akatabasamu. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Nilijua utakuja. Nilisikia honi."

Alidhani nimekuja kumtetea. Alipanda kiti cha mbele, hajapata kupanda gari maisha yake, akashika mlango kwa mikono yote miwili. Tulipoanza kuondoka akasema, "Piga, baba yako asikie tumeshuka." Nikapiga mara tatu. Akageuza shingo akatazama juu kwa muda, halafu akatazama mbele mpaka Njinjo.

Sasa yuko hapa kwangu wiki ya tatu. Bwana Nyama hakunifukuza kazi. Amenipa gari la maji la hapa chini, mlimani sipandi tena. Memsabu aliacha bati la biskuti kwa ajili ya mama. Mama ametia mbegu zake ndani na biskuti amewapa kuku.

Na kila mtu anayekuja kumpa pole, mama anamwambia habari ile ile: kwamba askari walitaka kuja na bunduki, lakini Mungu alimweka Fakihi njiani, Fakihi akawaomba, wakaziacha. Klementi ndiye aliyempa kipande hicho, kwa huruma yake, na kipande kilichobaki akakimeza. Mama ananiombea dua mbele za watu. Jana alimwambia Mwanasha kwamba katika wanawe wote hajapata aliye mwaminifu kama mimi, usinikasirikie, ni yeye aliyesema. Mimi natoka nje najifanya naangalia tairi.

Nimempelekea mjomba Bakary shauri hili. Alitafuna kwa yale meno yake manne, akasema niache, ukweli mwingine ni kumtia mgonjwa pilipili machoni. Labda ni kweli. Lakini asubuhi mama ananiuliza ni lini nitampandisha akapalilie kabla ya mvua, kwa sababu anaamini mimi nina sauti kwa wakubwa. Namwambia subiri mama, gari ni bovu. Jana nikasema gari ni bovu, leo nikasema gari ni bovu. Kesho sijui nitasema nini. Chakula anakitazama tu. Mvua ikinyesha nyasi zitaota, na yeye anajua zitaota, na hakuna mtu wa kwenda.

Wewe ni mkubwa wangu. Nimwambie, au ninyamaze? Nikimwambia, namnyang'anya hata mtoto aliyebaki naye. Nikinyamaza, nakula dua zisizo zangu kila siku. Najua jibu lako litachukua mwezi na zaidi, na mkataba wa shemeji hautakuruhusu kuja, na wakati huo mvua itakuwa imekwisha anza. Nauliza tu. Mtu akizama hushika hata unyasi.

Nisalimie shemeji Likwata, mwambie ile baiskeli bado ninayo. Nisalimie Mwanaima mdogo, bibi yake anauliza kama somo yake amekwisha ota meno ya mbele. Mwanasha anakusalimu sana. Mjomba Bakary naye, pamoja na bibi arusi wake, ambaye ni mdogo kuliko wewe na itakubidi umwamkie. Klementi alipita jana, akasema nikuambie mabungo aliyaiba kwa njaa. Mungu akuepushe na shari za ugenini, akupe afya na riziki, na akutie moyoni neno la kunijibu.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, ila mama ameingia, amekaa mkekani karibu na goti langu, anatazama kalamu inavyokwenda. Ameniuliza kama nimeziandika salamu zake. Nikasema ndiyo. Akataka nimwonyeshe ziko wapi aziguse. Nikarudisha karatasi nyuma, nikamshika kidole, nikakiweka pale nilipoandika nililomjibu Bwana Nyama. Usiniulize kwa nini niliweka pale. Akapapasa, akasema, "Fupi hivi, na mwanangu yuko mbali vile?" Nikamwambia ndiyo mama, ni maneno matatu tu, lakini Moza atayaelewa.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,

Fakihi Kondo